Mjadala: Je, kusema "huo ni utani tu" kunatosha kumtetea mchekeshaji wa jukwaani?

Kila mchekeshaji wa jukwaani anapolalamikiwa hapa Mwanza kwa namna anavyowasema Wasukuma, Wakurya, Wahaya au Wahindi, utetezi unaotolewa ni ule ule: kwamba Watanzania tuna utani wa makabila tangu enzi za mababu, kwamba utani huo umetusaidia kuishi pamoja bila kuchukiana, na kwamba anayekasirika hajui mila. Sehemu ya kwanza ya utetezi huo ni kweli kabisa. Ninachokipinga ni kuuchukua utani wa mababu na kuufanya kinga ya mtu anayelipwa kushika maikrofoni.

Utani una masharti. Wanyamwezi na Wazaramo, ambao uhusiano wao unahusishwa na misafara ya biashara iliyotoka bara kwenda pwani, hawakupeana ruhusa ya kutukanana tu, bali walipeana na wajibu. Mtani anayekukejeli ukiwa mzima ndiye huyo huyo anayefika msibani kwako, akashika kazi, akawachekesha wafiwa hata mbele ya jeneza, na zamu yake ikifika wewe unamtendea vivyo hivyo. Hata leo, ukipita Mwaloni pale Kirumba asubuhi dagaa wanaposhushwa, utawasikia Wajita, Wakerewe na Wasukuma wakirushiana maneno makali ambayo hayamuumizi mtu, kwa sababu kila neno linajibiwa papo hapo na wote watakutana tena kesho sokoni.

Jukwaani hakuna majibizano ya namna hiyo. Anasema mmoja, wanasikiliza mia kadhaa, na anayesemwa mara nyingi hayumo ukumbini. Kisha kipande cha dakika moja kinakatwa na kusambazwa kwenye simu, kikiwa hakina tena mwanzo wala mwisho wake. Mkurya wa vichekesho, ambaye kila anapotajwa lazima ampige mkewe, ni mfano unaonisumbua sana. Wengi tunamcheka mume, lakini mke anayepigwa hana hata sentensi moja katika kisa hicho, na kipigo chenyewe kinageuzwa kuwa tabia ya kabila badala ya kosa la mtu aliyekitenda.

Hapa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, wala sidhani kwamba natia chumvi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu kwa sababu ya imani kwamba miili yao huleta utajiri, na mauaji hayo yaliposhika kasi kuanzia mwaka 2007 hivi, ilibidi watoto waondolewe makwao na kulindwa katika shule za bweni, ikiwamo ya Mitindo wilayani Misungwi. Vikongwe wa Usukumani nao wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo aghalabu hutokana na miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lenye moshi. Kwa hiyo mchekeshaji anaposimama Mwanza na kumchora bibi mwenye macho mekundu kuwa mchawi, au kumfanya mtu mwenye ualbino kuwa kiumbe cha ajabu, anarudia maneno yale yale ambayo muuaji aliyaamini kabla ya kuchukua panga.

Wachekeshaji wakubwa wenyewe wamelihangaikia jambo hili. Richard Pryor, Mmarekani mweusi aliyelitumia kwa miaka mingi lile tusi ambalo Wazungu waliwaita watu weusi, alizuru Kenya mwaka 1979, na katika filamu yake ya jukwaani ya mwaka 1982 alieleza kuwa safari hiyo ndiyo iliyomfanya aache kulitumia. Dave Chappelle, naye Mmarekani mweusi, aliiacha kazi ya kipindi chake cha televisheni mwaka 2005, na baadaye akaeleza kuwa alishtushwa na kicheko cha Mzungu mmoja wakati wa kurekodi igizo lililohusu watu weusi. Wote wawili walikuwa wakiwasema watu wao wenyewe. Ndiyo maana siridhiki na jibu kwamba Msukuma akiiga lafudhi ya Kisukuma hakuna tatizo lolote. Ana haki kubwa kuliko mgeni, hilo nakubali, lakini bado anapaswa kuwasikiliza wanaocheka na kujua wanacheka nini.

Kuhusu sheria, sitaki polisi wala baraza lolote lipitie vichekesho kabla havijatamkwa. Lenny Bruce, mchekeshaji wa Marekani, alitiwa hatiani New York mwaka 1964 kwa lugha chafu, akasamehewa mwaka 2003 akiwa ameshafariki, na mashtaka ya namna ile humlinda mkubwa kuliko mnyonge. Wakenya walitunga sheria ya uwiano, inayokataza matamshi ya chuki ya kikabila, mwaka 2008 baada ya watu zaidi ya elfu moja kuuawa katika ghasia za uchaguzi, na nawaelewa, lakini sheria hushughulikia uchochezi ulio wazi. Haiwezi kupima kila lafudhi iliyoigwa. Kazi hii ni ya wachekeshaji wenyewe na ya wenye kumbi wanaowaalika.

Wanaonipinga naomba wanijibu jambo moja mahususi: katika kichekesho mnachokitetea, anayesemwa amepewa nafasi gani ya kujibu, na je, mngekisema mbele ya mama anayemlea mtoto mwenye ualbino kule Ukerewe?