Ada ya mwezi ya alamu: Lipa Namba, kumbukumbu namba, au walipe mwaka mzima?

FundiTegeta: Wakuu, habari za jioni. Nina kampuni ndogo ya kufunga na kufuatilia alamu hapa Dar. Kwenye kufunga sina shida, mtu anatoa nusu, namaliza kazi, anamalizia. Kinachonisumbua ni ada ya mwezi. Wengine wanalipa tarehe 5, wengine 28, wengine mpaka uwapigie simu wee. Nataka kubadilisha utaratibu mwezi huu. Nachagua kati ya Lipa Namba (namba moja ya kampuni, wote wanalipia humo kwa simu), mfumo wa kumbukumbu namba kwa kila mteja, au wote walipe mwaka mzima. Kipi kinafaa?

MamaHesabu: Hujasema una wateja wangapi, ni majumbani au ofisini, na umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) au la. Bila hayo kila mtu atakujibu lake.

KitongaElektroniki: Na king'ora kikilia nani anakwenda? Una askari wako au unapigia kampuni ya ulinzi? Hapo vibali vinatofautiana.

MzeePaneli: Lipa Namba inatosha. Kila mtu anaijua. Mimi natuma ujumbe tarehe 1, watu wanalipa. Mambo ya mifumo ni kuongeza gharama.

NeemaSinza: Mzee wangu, Lipa Namba peke yake siishauri. Niliwahi kukaa chumba cha udhibiti kwenye kampuni moja hapa mjini. Tulikuwa na mama mwenye duka la vipodozi, mlipaji mzuri. Mwezi mmoja akasafiri, akamwagiza mdogo wake alipe. Hela ikaingia kwa jina la mdogo mtu, na hakuna kinachoonyesha ni ya duka gani. Uhasibu wakaitupa kwenye fungu la malipo yasiyojulikana, ambalo lilikuwa limejaa. Duka likabaki kwenye orodha ya wadaiwa. Ijumaa ofisi ikaamuru wadaiwa wote wafungiwe. Jumapili usiku wezi wakapitia darini. King'ora kililia pale dukani, lakini kwenye skrini yetu hakikuonekana chochote kwa sababu akaunti ilishafungwa. Asubuhi mama akaja na simu ya mdogo wake, ujumbe wa muamala huo hapo: tarehe, kiasi, jina la kampuni yetu. Wakamjibu kwamba angetoa taarifa ofisini baada ya kulipa. Sijawahi kuona mtu anaonewa namna ile. Mpaka naondoka pale walikuwa bado wanavutana na wakili wake.

Kwa hiyo mimi ni kumbukumbu namba. Mteja anaingia lipa bili, anaweka namba ya kampuni, kumbukumbu namba yake, kiasi, namba ya siri. Hata akilipiwa na dereva au mtoto aliyeko Mwanza, hela inakwenda kwenye akaunti ya duka husika.

MzeePaneli: Hiyo ni mhasibu mzembe, Lipa Namba haina kosa.

NeemaSinza: Mhasibu angejuaje, Mzee? Jina la mwenye duka halikuwepo popote.

FundiTegeta: Samahani kwa kuchelewa. Wateja ni mia na ushee, wengi nyumba za Mbezi na Tegeta, waliobaki maduka na ofisi chache. VAT nimesajiliwa. Kwenye tukio nina mkataba na kampuni ya ulinzi.

MamaHesabu: Basi sikiliza. VAT inaanza kudaiwa kwa kile kinachotangulia: ankara, malipo au huduma. Ukitoa ankara tarehe 1 kwa wote, nusu wasilipe, ikifika tarehe 20 ya mwezi unaofuata unawasilisha TRA (mamlaka ya mapato) VAT ya hela usiyoishika. Ndiyo maana deni la wateja linakuumiza mara mbili.

Wanaolipa mwaka mzima, VAT ya mwaka mzima inadaiwa kwenye ritani (taarifa ya kodi) ya mwezi huo. Itenge, usiinunulie paneli (kile kisanduku kikuu cha alamu).

Halafu ofisi zinakata kodi ya zuio 5%, yaani wanaikata kwenye malipo yako kabla hawajakulipa. Ada ikiwa 100,000, ukiongeza VAT ya 18% inakuwa 118,000, utapokea 113,000. Ile 5,000 wanaipeleka TRA kwa jina lako, dai hati yake kwa sababu inapunguza kodi yako ya mapato. Mteja wa nyumbani hakati. Kwa hiyo mfumo wowote utakaochukua, hakikisha hausomi 5,000 hiyo kama deni na kumfungia mtu.

MzeePaneli: Angebaki na mauzo chini ya milioni 200 kwa mwaka asingesumbuka na VAT.

MamaHesabu: Ameshasema amesajiliwa, Mzee.

KitongaElektroniki: Hao walinzi wakuonyeshe kibali chao cha polisi kabla hujaendelea nao. Vifaa vyako vya redio na GSM (vinavyotumia laini ya simu) viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na usisahau Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: unashika majina, ramani ya nyumba, saa ambazo mtu hayupo. Jisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

NeemaSinza: Nyongeza: kwenye mkataba iandikwe siku ngapi za notisi kabla ya kufungia, na notisi iende kwa maandishi.

BabaShaa: Na vocha ya laini iliyo ndani ya paneli, nani anaweka?

MzeePaneli: Mteja.

KitongaElektroniki: Hapana kabisa! Salio likiisha paneli haitumi kitu, na yeye analala akijua analindwa. Laini iwe ya kampuni, gharama iingie kwenye ada.

MzeePaneli: Ada ikipanda wanahama.

FundiTegeta: Nashukuru wote. Kesho nakwenda benki kuulizia makato ya kumbukumbu namba. Ofisi nafikiria kuwaomba mwaka mzima, nyumba sijajua.

MzeePaneli: Nyumba hawatakubali, ada za shule zinawabana.

BabaShaa: Nje ya mada kidogo, betri za 12V 7Ah zisizokufa haraka mnanunua wapi siku hizi?

KitongaElektroniki: Kwanza pima chaja ya paneli, mkuu. Wengi wanailaumu betri bure.