Mnampiga mtoto kwa uji ambao nyie wenyewe hamuwezi kumaliza kikombe

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Kila siku mtu akiuliza "mwanangu ana mwaka na miezi minne, hataki kula, nifanyeje?", wanajaa wa kumjibu "mchape", "muonyeshe fimbo", "mbane pua atameza tu". Mtoto ambaye hata neno "nimeshiba" hajalijua achapwe kwa kubakiza nusu kikombe! Na wanaoshauri hivyo ni watu wazima wenye watoto ndani.

Tuanze na hiyo ya kubana pua. Mtoto analazwa chali mapajani, mikono imekazwa kwa khanga, analia. Ukimbana pua anafungua mdomo kutafuta hewa, nawe hapo hapo unamimina kijiko. Anavuta pumzi na uji pamoja. Ule mkoromo unaousikia kooni mnauita ubishi, kumbe mtoto anapaliwa. Uji ukishuka kwenye mapafu, baada ya siku mbili tatu anachemka, anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, halafu mnasema kapigwa na baridi. Ile ni nimonia, na mmemtia wenyewe kwa kijiko.

Na wanaosema "mtoto wangu, namkanya nitakavyo" wakasome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13. Inasema adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili haina uhalali, na kwamba mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini, hapaswi kuadhibiwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu haelewi uhusiano wa fimbo na uji. Anachoshika ni kwamba kile kibakuli kikitokea, kipigo kinafuata. Kesho akikiona tu anaanza kulia, nanyi mnasema ana kiburi.

Sasa fungueni sufuria tuone mnachompa.

Unga wa lishe wa siku hizi umekuwa mashindano ya kuhesabu: nafaka 8, nafaka 12. Mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, ubuyu, na dagaa juu yake. Vyote vinapelekwa mashineni kwa pamoja, vinafungwa kilo mbili, vinakaa kabatini miezi miwili. Karanga, korosho na ufuta vina mafuta, na mafuta yakishasagwa yakakutana na hewa na joto la Dar yanachacha. Onja kijiko kimoja cha huo unga mkavu. Ukisikia uchungu unaokwaruza nyuma ya ulimi, umeshaharibika, na mtoto ameujua kabla yako.

Soya ndiyo inaniudhi kuliko vyote. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo ukiisaga mbichi unampa mtoto gesi na kuharisha huku ukijisifu umempa protini. Chagua soya, chemsha maji kwanza mpaka yatokote, ndipo uitie. Iache itokote dakika 20 hadi 30. Mwaga maji, tia ya baridi, fikicha kwa viganja mpaka maganda yaelee juu, yamwage, rudia mara mbili tatu. Anika jua kali mpaka punje ivunjike kwa kishindo ukiing'ata, kisha kaanga kidogo kwa moto mdogo. Ni kazi ya siku mbili, na ndiyo maana wengi wanaouza wanairuka.

Karanga zichambuliwe moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Usimpe kuku, usimpe mtu. Sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na waliyapika kama kawaida. Karanga nzuri zikaange, zisage peke yake kidogokidogo, uzitie kwenye uji siku ya kupika, kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli. Ukifanya hivyo hata mzio utaujua umetoka wapi. Mtoto akivimba midomo kwa uji wa vitu 12, utamwambia nini daktari?

Unga wenyewe hauhitaji mlolongo. Nafaka moja au mbili, na jamii ya kunde moja. Kilo 3 za mahindi na ulezi, kilo 1 ya soya iliyoandaliwa kama nilivyoeleza. Basi. Saga wa wiki tatu, funika vizuri. Kurundika nafaka sita hakuongezi lishe, maana mahindi, mtama, uwele na mchele kazi yao ni ileile. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayovuna chakula kingi, na bado inaongoza kwa udumavu. Kitaifa, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Nafaka tunayo. Kinachokosekana kwenye sahani ya mtoto ni yai, dagaa, maharage, mboga ya majani, tunda, parachichi.

Halafu uzito wa uji. Inua kijiko, kiinamishe. Uji ukikimbia kama maji, unamjazia mtoto maji. Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama robo lita tu, ukilijaza uji mwepesi ameshiba bila kula. Na wale wanaokata tundu la chuchu ya chupa ili uji upite, acheni. Chukua vijiko 5 vya chakula vya unga, koroga na maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, jumla kikombe kimoja na nusu, punguza moto, koroga dakika 15 hadi 20. Uji wa dakika tano una ladha ya unga mbichi, na mtoto ana haki ya kuutema.

Ukiwa mzito mno usiongeze maji, tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika na kitambaa kibichi siku mbili hadi tatu uchipue, anika, pukuchua vichipukizi, saga. Epua uji, subiri dakika chache upungue moto, tia kijiko kimoja cha chai, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako bila kuongeza hata tone la maji. Rudisha jikoni uchemke tena, kisha mpe. Tumia ulezi. Vichipukizi vya mtama vina sumu ya sayanaidi.

Kipimo nacho kinawapiga chenga. Miezi sita anaanza na vijiko viwili vitatu, anapanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mpaka robo tatu. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu mpaka kikombe kizima, mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Nyie mnamjazia bakuli la baba yake mnategemea alimalize! Halafu mtoto anayezaliwa na kilo 3 anafika 9 au 10 akitimiza mwaka, ila mwaka wa pili anaongeza kama kilo 2 na nusu tu. Hamu yake inapungua kwa sababu mwili umepunguza mbio. Hakuna aliyerogwa.

Na kabla ya hicho chakula amekula nini? Saa nne biskuti, saa tano juisi ya pakiti, saa sita chai ya maziwa yenye sukari, saa saba mnashika fimbo. Chai nayo inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, iwekeni mbali na chakula cha mtoto.

Akitupa chakula, mwambie kwa sauti ya kawaida "chakula hakitupwi". Akirudia, ondoa sahani bila kelele, mlo umekwisha, mpaka baada ya saa mbili au tatu, na katikati ni maji tu au ziwa kama bado ananyonya. Akae wima, sahani yake mwenyewe, dakika 20 hadi 30, televisheni imezimwa. Bibi, baba na dada wa kazi wote wafuate hivyo hivyo. Mmoja akimpa biskuti kwa huruma, kazi ya wiki imekwenda. Chakula kipya apewe kidogo hata mara kumi kabla hamjasema hakipendi.

Aliyekataa ghafla, aliyekuwa anakula vizuri, mfungueni mdomo kwanza: vidonda, utando mweupe, fizi zilizovimba. Mpimeni homa. Akipungua uzito mpelekeni kliniki na kadi yake. Msikimbilie maji ya "hamu ya kula" ya duka la dawa. Nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, na mtoto akisinzia mchana kutwa mnasema ametulia.

Nyongeza: kuna aliyeniambia chini hapo kwamba "sisi tulichapwa na tukakua". Ndugu, hujajibu swali. Soya ilichemshwa au haikuchemshwa?

Na wauza unga mliomo humu, jibuni hapa hapa hadharani: soya yenu mnaichemsha dakika ngapi, karanga nani anazichambua, na mbona kwenye pakiti hakuna tarehe ya kusagwa?