Usukani wa gemu unakaza kwenye kona halafu hausemi kitu: umechoka, au ni mipangilio?

Mwanjelwa_GT (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kuhusu usukani wa gemu za magari. Ni wa gia (mota ya ndani inausukuma kupitia meno ya gia), unazunguka digrii 900, mtumba, umebanwa kwenye meza ya kawaida kwa vibanio vyake. Kompyuta ni ya Windows, gemu ni Assetto Corsa na Euro Truck Simulator 2.

Dalili ni hizi. Kwenye Assetto Corsa gari likiingia kona ya kasi usukani unakaza sana na kubaki na uzito uleule mwanzo hadi mwisho wa kona. Matairi ya mbele yanateleza bila mkono kupata habari. Mpaka uone kwa macho ndipo unajua gari limekwenda. Barabara ikinyooka inakuwa kinyume: pale katikati usukani umelegea, unasogeza kushoto na kulia hakuna kitu. Ukikanyaga ukingo wa njia, gia zinagonga ka-ka-ka na meza nzima inatikisika. Breki nayo inarukaruka, gari linajishika lenyewe hata mguu ukiwa pembeni. Na umeme ukikatika ukarudi, katikati ya usukani inahama: unaunyoosha, gari linavuta kulia.

Nguvu kwenye programu ya usukani ipo 100, ndani ya gemu 100, na mitikisiko ya nyongeza yote imewashwa. Niuze niongezee pesa nitafute wa daireti draivu (unaokaa moja kwa moja kwenye mota, bila gia), au kuna pa kurekebisha?

Kona_ya_Kitonga (Iringa)

Kamwene mkuu. Usiuze. Kukaza, kunyamaza na sehemu kubwa ya hizo kelele vina chanzo kimoja, nacho ni hiyo 100 uliyoweka kila mahali.

Usukani wa gia wa daraja hilo, mfano Logitech G29 na G920, una nguvu ya Nm 2 na kidogo (Nm ni newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Daireti draivu ndogo kama Fanatec CSL DD inaanzia Nm 5, Moza R5 ina Nm 5.5. Gemu yenyewe haijali una mota gani. Inapiga hesabu ya nguvu inayotoka kwenye matairi ya mbele na kuidai. Ikidai kuliko uwezo wa mota, mota inatoa ya mwisho iliyo nayo na kugota hapo. Kila kinachotokea juu ya kikomo hicho kinakatwa. Fungulia sabufa ndogo mpaka mwisho usikilize: kelele zipo nyingi, lakini besi na sauti ya mwimbaji vimegeuka kitu kimoja.

Sasa angalia kinachopotea. Tairi likikata kona, mpira unaogusa lami unajipinda, na nguvu ya pembeni inakaa nyuma kidogo ya katikati ya tairi. Huo umbali mdogo ndio unaovuta usukani urudi katikati. Ukizidi kukata, sehemu ya nyuma ya mguso inaanza kuteleza kwanza, nguvu inasogea mbele, umbali unapungua. Kwa hiyo uzito wa usukani unafika kileleni kabla tairi halijamaliza mshiko wake, halafu unaanza kupungua. Kule kupungua ndiyo onyo lenyewe, na dereva wa gemu hana lingine, maana kiti chake hakisogei. Tuseme gemu inadai Nm 3.5 katikati ya kona, kisha tairi linapoanza kuchoka inashuka hadi 2.5. Mota yako inaishia 2. Mkononi ni 2 na 2, hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana unasema hausemi kitu.

Fanya hivi. Programu ya usukani iache 100, spring ya kurudisha katikati izime, mzunguko 900. Ndani ya Assetto Corsa, "Gain" (kipimo cha nguvu ya jumla ya usukani) shusha hadi 65. Ukiwa barabarani, fungua kile kidirisha cha pedali chenye vipau: mmoja unaonyesha nguvu ya usukani, wa kijivu, na ukigota unageuka mwekundu. Chagua gari moja na kona moja ndefu ya kasi, pita mara tano au sita. Ukiona nyekundu inakaa kona nzima, shusha kwa alama ya kutoa iliyo upande wa namba wa kibodi. Inabadilisha gari hilo peke yake. Unataka nyekundu imulike kidogo tu kwenye ukingo au kwenye tuta, basi. Gari la Formula lenye mabawa litahitaji kushushwa zaidi ya gari dogo la mtaani, kwa sababu hewa inaligandamiza chini kadiri kasi inavyopanda.

Mitikisiko ya nyongeza ya kingo, barabara na kuteleza weka 0 yote. Ukingo halisi umo tayari kwenye hesabu ya saspensheni. Hiyo mingine ni chumvi juu ya chumvi, na kwenye mota ya Nm 2 inakula nafasi ya habari unayoitafuta.

Mwanzoni utaona usukani mwepesi na utatamani kurudisha. Vumilia siku mbili tatu mkono uzoee kusoma badala ya kupigana.

Sae_Elektroniki (Mbeya)

Naunga mkono hapo juu. Naongeza suala la katikati kulegea, kwa sababu ukishusha "Gain" hilo litaongezeka, na watu wengi wanarudisha 100 kwa sababu hiyo.

Kuna kulegea kwa aina mbili, usivichanganye. Zima kila kitu, chomoa umeme, shika usukani kwa vidole viwili na uutikise taratibu. Ukisogea milimita chache kabla gia hazijashikana, huo ni mwanya wa meno. Hakuna mpangilio wa kuuondoa, na ukiwa mdogo hauna madhara. Aina ya pili ni ya nguvu: gemu inatuma nguvu ndogo, gia na mota zinaimeza kwa msuguano wao wenyewe, mkononi haifiki. Hiyo ndiyo inayotibiwa na "Minimum Force", mpangilio wa gemu unaoinua nguvu ndogo ili ifike mkononi.

Anza na 5. Endesha kwenye njia iliyonyooka kwa kasi ya kilomita 80 hivi, achia mikono. Usukani ukitulia, ongeza 1, rudia. Itafika namba ambayo usukani unaanza kujitikisa wenyewe kushoto kulia kama mkia wa mbwa. Hapo rudi nyuma kwa 2, umemaliza. Kwa gia mara nyingi inaishia karibu na 10, ila usinakili ya mtu. Mtumba wako una msuguano wake.

Kuhusu umeme. Usukani ukipata moto unajizungusha mpaka mwisho wa kushoto na wa kulia kutafuta katikati yake. Ukiwa umeushika, goti likiugusa, au waya ukiukwamisha, unahesabu vibaya, na gari litavuta upande mmoja mpaka urudie. Umeme ukirudi: chomoa USB na adapta, ondoa mikono na kila kilicho karibu, chomeka adapta kwanza, kisha USB, uache umalize mzunguko. Usipojizungusha kabisa, mara nyingi moto haufiki.

Kwenye mtumba kagua na adapta, maana nyingi zimeshabadilishwa. Volti zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya usukani, ampia ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi wa ile pini uwe uleule. Adapta yenye ampia pungufu inaleta usukani unaozima ghafla kwenye kona nzito, na mtu anadhani mota imekufa.

Kama katikati inahama bila umeme kukatika, katikati ya mbio, hilo ni jambo jingine. Bandika kipande cha tepu juu ya usukani, bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, fungua sifa za usukani. Tepu ikiwa katikati na alama kwenye skrini ikiwa pembeni, kuna sensa inayopoteza hesabu. Kwa Logitech G25 na G27 kinachojulikana ni kisahani cha plastiki cha ensoda (sensa inayohesabu mzunguko) kwenye mhimili wa mota kupasuka na kuteleza. Wanaofungua huweka cha chuma.

Mufindi_Mbao (Mafinga)

Hiyo ka-ka-ka na meza kutikisika ni nusu ya tatizo lako, wakuu hawajaigusa. Meza ikitikisika, nguvu inayokusudiwa mkono wako inaishia kusukuma meza. Unaweza kupanga namba vizuri na bado usisikie.

Vibanio vya plastiki vinalegea kila baada ya muda na ukivikaza kwa hasira vinapasuka. Chini ya kitako cha usukani wa familia ya G29 kuna matundu mawili yenye nyuzi za bolti M6, spana namba 10. Tafuta plaiwudi ya milimita 18 iwe sahani ya juu. Chukua njiti ya kiberiti, itumbukize kwenye tundu mpaka igote, weka alama ya kucha, pima. Kwa plaiwudi ya 18 na washa (kile kisahani cha chini ya kichwa cha bolti), bolti ya urefu wa milimita 30 inaingia ndani kama milimita 10. Usiweke ndefu ili "ishike vizuri": ikivuka kina cha tundu inasukuma vilivyo ndani na kupasua kitako.

Fremu ni mbao 2 kwa 4 za paini, zile za Sao Hill zimejaa mkoa mzima na hazina bei. Chagua iliyokauka. Mbao mbichi ikikauka inajipinda na skrubu zinalegea, utarudi palepale. Tumia bolti na nati kwenye maungio, misumari itachoka kwa mitikisiko. Nguzo mbili za usukani ziunganishwe na mbao ya chini inayopita mpaka chini ya kiti, na pedali zifungwe kwenye mbao hiyohiyo. Ukikanyaga breki kwa nguvu kiti hakirudi nyuma, na pedali hazikimbii mbele. Kama bado meza ndiyo uliyo nayo, basi angalau isukume hadi ukutani na uweke kipande cha mpira wa tairi kati ya kibanio na ubao.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi ya "Minimum Force": kuna programu ndogo ya WheelCheck. Ina jaribio la kupandisha nguvu hatua kwa hatua, na inaandika faili ya csv ya usukani wako ulivyojibu kila hatua. Faili hiyo unaiingiza kwenye LUT Generator, inakupa jedwali la kunyoosha majibu ya usukani, unaliweka kwenye folda ya cfg ya Assetto Corsa iliyo ndani ya Documents pamoja na ff_post_process.ini. Ukitumia jedwali, "Minimum Force" irudi 0, la sivyo umesahihisha mara mbili na usukani utatapatapa katikati.

Kona_ya_Kitonga (Iringa)

Kwa jedwali, ningesema asianze nalo. Aanze na njia ya Sae ya namba moja moja, ni dakika kumi na unajifunza usukani wako. Jedwali lifuate ukishakuwa na fremu, kwa sababu jaribio likifanyika kwenye meza inayoyumba linapima meza.

Na Euro Truck Simulator 2 usiisahau. Ile inagongesha gia hata lori likiwa limesimama, kwa sababu kuna kipimo cha mtikisiko wa injini kimewashwa. Weka 0. Matuta ya barabara acha kidogo. Kurudi katikati pandisha, kwa sababu lori halina habari nyingi za tairi, na unachohitaji ukiwa mteremkoni ni uzito unaoeleweka.

Mwanjelwa_GT (Mbeya)

Asanteni sana wakuu. Majibu: "Gain" imetua 62 kwa gari dogo, "Minimum Force" 9 (ilianza kujitikisa kwenye 11). Kona ile ile sasa usukani unakaza, halafu unalainika kidogo kabla pua haijatoka nje. Ukipunguza kukata pale pale, gari linarudi. Gia zimetulia. Fremu inafuata. Imebaki breki: kwenye joy.cpl inacheza yenyewe kati ya 0 na kama sehemu ya kumi, bila kuguswa.

Sae_Elektroniki (Mbeya)

Huko kulainika ndiko tulikokuwa tunakutafuta. Sasa breki.

Ndani ya pedali hizo kuna potenshiometa, ile fundi redio anaiita voliumu. Pedali zinakaa sakafuni na vumbi la kiangazi cha huku linaingia lote. Chomoa waya, geuza kitako, fungua skrubu kwa bisibisi ya nyota. Voliumu ipo ubavuni mwa mkono wa pedali, ina nyaya tatu na kigia kidogo. Kabla ya kuitoa, piga mstari wa maka pen unaopita kwenye kigia na kwenye mkono. Ukirudisha jino moja pembeni, breki haitafika mwisho au itaanza ikiwa imekanyagwa.

Puliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye upenyo wa voliumu, ile inayokauka yenyewe. Si WD-40 ya kawaida, inaacha mafuta yanayoshika vumbi tena. Petroli wala usiiguse, inakula plastiki. Zungusha mwisho hadi mwisho mara thelathini, acha robo saa ikauke, funga. Ukichomeka, kanyaga kila pedali mpaka chini mara moja ili usukani ujue mwanzo na mwisho.

Ikiendelea kuruka, njia ya kaboni imekwisha, badilisha. Soma herufi kwenye mwili wake. Inayotakiwa ni B, inayopanda sawasawa. Voliumu nyingi za redio ni A: ukiweka hiyo, breki italala nusu ya kwanza halafu ishike yote kwa mkupuo. Namba ya kilo-ohmu nayo ilingane, na pima urefu wa mhimili kabla hujatoka dukani.