Naomba ushauri: kusafisha feni ya kusimama bila kuifungua

Mkaazi wa Tanga
Ndugu wanajamvi, salaam. Nina feni ya kusimama ambayo skrubu ya wavu wake wa mbele imeliwa na kutu ya chumvi, kiasi kwamba bisibisi haishiki tena, na vibanio vya plastiki vimekauka hata naogopa kuvilazimisha. Vumbi limeganda kwenye mapanga, na mwanangu ana pumu, hivyo usiku wa joto nalazimika kuchagua kati ya upepo na kikohozi chake. Nitaisafishaje bila kuifungua? Nimesikia pia kwamba watu huipulizia maji yenye siki, wakaifunika kwa mfuko wa taka na kuiwasha. Je, ni salama?

Bibi Shamba
Pole sana, na mtoto apate nafuu. Chomoa plagi kwanza, kwa maana kuzima swichi hakutoshi, kisha itoe feni nje, mtoto akiwa mbali nawe ukiwa umejifunga barakoa. Tafuta brashi ya rangi ya inchi moja, uipenyeze katikati ya nyaya za wavu, huku mkono wa pili ukizuia panga kwa kijiti lisizunguke. Vumbi kavu litoke lote kabla ya maji, la sivyo utapata tope linalong'ang'ania. Baada ya hapo funga kitambaa cha pamba kwenye kijiti cha mshikaki, ukichovye katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukikamue hadi kisidondoshe hata tone, ndipo ufute panga moja moja. Upande wa nyuma wa panga utaufikia kupitia wavu wa nyuma.

Fundi Umeme
Bibi amesema vyema. Ule mfuko siushauri hata kidogo: feni huvuta hewa kutoka nyuma, ikipita kwenye mota na kuipoza, kwa hiyo ukiifunika unaziba hewa hiyo, na matone yanayorukaruka ndani ya mfuko hurudi nyuma na kuingia kwenye mota. Usisahau matundu ya kasha la mota, ambayo wengi hawayagusi kabisa. Yakizibwa na vumbi mota huchemka, na fyuzi ya joto iliyofichwa kwenye koili ikikatika, feni huzima ghafla. Hapo tumia brashi kavu, au pampu ya baiskeli, bila maji ya aina yoyote.

Mkaazi wa Tanga
Nawashukuru sana. Nikishaifuta, naweza kuiwasha papo hapo?

Fundi Umeme
Hapana, iache kivulini hadi ikauke kabisa. Mara ya kwanza iwashe ikiwa barazani, kwa kasi ya juu, ielekee uani, kwa kuwa vumbi lililosalia kwenye pembe za wavu litaruka wakati huo, na ni afadhali liishie huko kuliko chumbani kwa mtoto.