Majirani wa Makorora: chai isubiri, maharage yalowekwe

*Bi Mwanaidi:* Assalaam alaykum majirani. Wajawazito wengi wakienda kliniki wanaambiwa damu imepungua, wale maharage, mchicha na dagaa. Mbona hivyo hapa Tanga vinapikwa karibu kila nyumba, na damu bado haipandi? Upendo mwanangu, wewe ndiye mtu wa lishe, tufafanulie.

*Upendo Lishe:* Shikamoo Bi Mwanaidi. Swali zuri mno. Chakula mara nyingi kipo, tatizo ni kinacholiwa pamoja nacho. Sahani ya maharage yaliyoiva, gramu 200 hivi, ina miligramu 4 hadi 5 za madini ya chuma. Lakini chuma cha maharage, nafaka na mboga mwili hukifyonza kidogo, mara nyingi haifiki asilimia 10. Cha nyama, maini na samaki hufyonzwa asilimia 15 hadi 35. Sasa ukila maharage yako na kushushia chai ya rangi pale pale, tanini za majani ya chai zinakishika kile chuma kidogo tumboni, na zaidi ya nusu ya kile ambacho ungekipata kinapotea.

*Mama Rama:* Hapo umegusa mtaa mzima. Asubuhi ni chapati, maharage na chai. Ndicho wateja wanachoagiza.

*Bi Mwanaidi:* Marahaba. Je, chai ya maziwa?

*Upendo Lishe:* Maziwa hayaiondolei chai lile tatizo, na kalsiamu yake nayo inapunguza ufyonzaji wa chuma. Kahawa nayo inazuia, ila kidogo kuliko chai. Si lazima mtu aache chai. Aitenge na mlo: saa nzima baada ya kula, au anywe saa moja kabla. Ndani ya ile saa anywe maji au ale tunda. Mchaichai au tangawizi bila majani ya chai si mzigo mkubwa kama chai yenyewe.

*Upendo Lishe:* Na watoto wadogo wasipewe chai kabisa. Inawajaza tumbo na kuwanyima chuma kwa wakati mmoja.

*Baba Tatu:* Basi mtu akamulie ndimu kwenye maharage, amalize kazi.

*Upendo Lishe:* Ndimu inasaidia, lakini tuangalie kiasi. Vitamini C inayobadilisha mambo ni kama miligramu 50 katika mlo huo huo. Ndimu moja nzima ukiikamua unapata vijiko viwili vya chakula vya maji yake, na humo hazizidi miligramu 10 kwa wingi. Chungwa moja la kati lina miligramu 60 hadi 70. Pera ndilo bingwa, gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200. Papai nalo zuri. Sisi tuna machungwa ya Muheza hapo jirani, hatuna sababu ya kuhangaika.

*Baba Tatu:* Na ukwaju? Ule mchachu kweli kweli.

*Upendo Lishe:* Uchachu si kipimo cha vitamini C. Ukwaju una kidogo sana. Ubuyu unga wake mkavu unayo nyingi, lakini koroga kwenye maji ya kunywa ya kawaida, usiuchemshe, moto unaiharibu. Zile mbegu za ubuyu zilizopakwa rangi na sukari msizihesabu.

*Mama Rama:* Mimi naongezea kachumbari. Nyanya peke yake ina vitamini C ndogo, ila ukitia pilipili hoho mbichi na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, hapo umepata kitu. Hoho gramu 100 inakaribia miligramu 80. Kosa ninaloliona mitaani ni kuikata saa tatu asubuhi ikae hadi saa saba mchana. Ikatwe dakika chache kabla ya kupakua. Na kitunguu kikioshwa kwa chumvi, kisuuzwe vizuri kisha kikamuliwe, la sivyo ile chumvi yote inaingia kwenye sahani.

*Upendo Lishe:* Sahihi kabisa Mama Rama. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha na ya kwenye mchuzi.

*Bi Mwanaidi:* Sasa maharage yenyewe. Wengine wanatia magadi yaive haraka.

*Mama Rama:* Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Maharage yaliyolowekwa hayahitaji magadi. Nusu kilo: chambua, osha, loweka kwenye maji lita moja na nusu hadi mbili, saa 8 hadi 12. Kwa joto letu hili yasipite saa 12, yataanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Ikiwezekana badilisha maji mara moja katikati. Yale maji ya kulowekea mwaga, usipikie.

*Baba Tatu:* Si tunamwaga virutubishi hapo?

*Upendo Lishe:* Vinatoka kidogo, ndiyo. Ila zinatoka pia sukari zinazojaza gesi tumboni, na sehemu ya faiteti. Faiteti ni kitu kilichomo kwenye mbegu na nafaka kinachofunga chuma na zinki. Haiishi yote kwa kuloweka, lakini ikipungua ni faida. Jumla yake ni bora kumwaga.

*Mama Rama:* Kisha maji mapya, moto mkali, yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Hili msilipuuze, hasa kwa maharage mekundu. Mabichi yana sumu yake ya asili inayotapisha na kuharisha, na inavunjwa na mtokoto wa nguvu tu. Mtu anayeyaacha kwenye moto mdogo tangu mwanzo kwa kubania mkaa anaweza kuumwa hata kama yanaonekana laini.

*Mama Rama:* Yakigoma kuiva, angalia mambo matatu. Ya zamani, yamekaa stoo yenye joto na unyevu miezi mingi: hayo hata upike siku nzima yatabaki na kiini kigumu, na ndipo watu wanapokimbilia magadi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi: kalsiamu yake inakaza ganda, pikia maji ya bomba au ya mvua. Na nyanya au ndimu iliyotiwa mapema: asidi inazuia kulainika. Nyanya, kitunguu na ndimu viingie maharage yakiwa yameshaiva. Tui zito mwisho kabisa, koroga, moto mdogo, likitokota sana linakatika. Nazi moja inatosha nusu kilo ya maharage.

*Bi Mwanaidi:* Ahsante sana mama. Na mchicha?

*Upendo Lishe:* Mchicha upendeni, ila si kwa ajili ya chuma kwanza. Kipo, lakini vitu vilivyomo ndani ya jani lenyewe vinakifunga, kinachoingia mwilini ni kidogo. Faida yake kubwa ni foleti, aina ya vitamini B, na vitamini A. Osha majani mazima kabla ya kukata, ukikata kwanza virutubishi vinakwenda na maji. Dakika 3 hadi 5 motoni zinatosha, usimwage maji, usitie magadi. Vitamini A inahitaji mafuta ili iingie mwilini, kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ya watu wanne kinatosha. Vivyo hivyo kwa matembele na majani ya maboga.

*Upendo Lishe:* Kisamvu ni habari nyingine. Kitwangwe hadi kilainike, kisha kichemke muda mrefu bila mfuniko, maana kina sumu ya sianidi inayotoka na mvuke.

*Baba Tatu:* Dada Upendo, na bitiruti? Watu wanasaga juisi kila asubuhi, na rozela pia. Wanasema rangi ile ndiyo damu.

*Upendo Lishe:* Hapo kaka naomba tuelewane. Bitiruti gramu 100 ina chuma chini ya miligramu 1. Sahani ya maharage inaizidi mara nyingi. Bitiruti ina foleti, hivyo si kitu kibaya, lakini mjamzito mwenye upungufu akitegemea glasi hiyo pekee anapoteza wiki ambazo angekuwa anatibiwa. Rozela ni hivyo hivyo, na mara nyingi inajazwa sukari. Na soda msiihesabu katika mambo ya damu: chupa ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari, vijiko 7 au 8 vya chai.

*Baba Tatu:* Nimekuelewa. Basi kitoweo gani kinaongeza damu kwa bei yetu?

*Upendo Lishe:* Dagaa. Chuma chake kinafyonzwa vizuri, na wakiliwa pamoja na maharage au mboga wanasaidia hata chuma cha hivyo vingine kuingia. Tena wanaliwa na mifupa, kwa hiyo kalsiamu ipo. Konzi moja kwa mtu mzima inatosha. Maini pia ni mazuri sana, mara moja kwa wiki, kipande cha kama gramu 70. Mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku, yana vitamini A nyingi kupita kiasi kwa mtoto aliye tumboni.

*Mama Rama:* Dagaa mchanga ndio unaokera. Mwagia maji ya moto, acha dakika 5, suuza mara mbili au tatu ukiwanyanyua kwa mkono, usimimine sufuria maana mchanga uko chini. Kaanga kwa mafuta kidogo, kisha kitunguu na nyanya. Wanaonunuliwa wawe wakavu, wanaong'aa. Wenye unga wa kijani au harufu ya ukungu waacheni sokoni.

*Bi Mwanaidi:* Hamisi wa mashine ya kusaga yuko kimya. Ugali tuule wa dona au sembe?

*Hamisi Mashine:* Shikamoo bibi, nipo. Dona ina ganda na kiini, ndiko kwenye nyuzinyuzi, vitamini B na madini. Sembe ikikobolewa sehemu kubwa ya hivyo inabaki kwenye pumba. Ila dona haikai: kiini kina mafuta, baada ya wiki mbili tatu unga unaanza kuchacha na kuwa mchungu. Saga kidogo kidogo, kilo 5 kwa mkupuo, si debe zima. Mtu asiyependa dona achague sembe iliyoandikwa kwenye mfuko kwamba imeongezwa virutubishi.

*Hamisi Mashine:* Jambo kubwa zaidi ni ukavu wa mahindi. Yakiwa na unyevu yanaota ukungu na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, na sumukuvu haiondoki kwa kusaga wala kupika. Mwaka 2004 Kenya, huko Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu.

*Baba Tatu:* Utajuaje kama yamekauka bila kipimo?

*Hamisi Mashine:* Chupa ya glasi kavu yenye mfuniko. Jaza mahindi robo, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, ianikwe juani kwanza. Tikisa dakika kadhaa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani, juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Ikidondoka chini yote, yaleteni mashineni. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitoeni zote, na kuku msiwape.

*Bi Mwanaidi:* Na unga wa lishe wa watoto? Kuna watu wanachanganya vitu kumi.

*Hamisi Mashine:* Bibi, huo ndio unaonisumbua. Mahindi, ulezi, mchele, ngano, mtama, soya, karanga, yote kwenye mfuko mmoja. Kila nafaka ina muda wake wa kuiva, na karanga ikisagwa humo mafuta yake yanachachusha unga wote. Karanga moja yenye ukungu inachafua kilo nzima.

*Upendo Lishe:* Hamisi asante. Nafaka moja inatosha, ulezi au mahindi. Karanga zikaangwe na kutwangwa kando, kijiko kimoja cha chakula kitiwe uji unapoiva. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia kuyeyushwa kwa protini: itumbukizwe kwenye maji yanayochemka nusu saa, imenywe, ikaushwe, ikaangwe, ndipo isagwe. Asiyeweza kazi hiyo aache soya, atumie maharage yaliyopondwa au unga wa dagaa kijiko kimoja.

*Upendo Lishe:* Na uji wa mtoto aliyepita miezi 6 usiwe maji. Usimame kwenye kijiko. Ukiwa mzito mno, koroga kijiko cha chai cha kimea cha ulezi kwenye bakuli ukiwa wa vuguvugu: unalainika bila kuongeza maji, kisha urudishe motoni uchemke kidogo. Kimea ni ulezi uliolowekwa usiku, ukaota siku mbili tatu chini ya kitambaa safi chenye unyevu, ukaanikwa na kusagwa. Ukiona ukungu mwaga wote.

*Mama Rama:* Turudi kwa wajawazito. Wanapewa vidonge, wengine wanaviacha.

*Upendo Lishe:* Wasiviache. Mjamzito akiwa na hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, chini ya 11, chakula peke yake hakimtoshi. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki vinywewe kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Vikileta kichefuchefu, avinywe usiku baada ya kula. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Na asiyepanda damu hata akila vizuri apimwe malaria, minyoo na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu hapo mboga haitibu.

*Bi Mwanaidi:* Mwenyezi Mungu awabariki. Mama Rama, kesho asubuhi mgahawani kuna nini cha kunywa kwa mjamzito badala ya chai?

*Mama Rama:* Maji na chungwa, bibi. Chai nitamwekea kwenye chupa aondoke nayo, atainywa saa nne.

*Hamisi Mashine:* Na mashine inafunguliwa saa mbili. Mwenye mahindi ayatikise kwenye chupa leo jioni.