Kimeng'enya kipi cha virusi kwa utafiti wa kubuni dawa: proteasi ya Ukimwi, proteasi ya korona au nyuraminidasi ya mafua?

Mwana_Njoro
Wanajamvi, hamjambo. Mwishoni mwa mwezi ninatakiwa kumkabidhi msimamizi wangu pendekezo la utafiti wa kubuni dawa kwa kufuata muundo wa kimeng'enya cha virusi. Nimebaki na hivyo vitatu. Mngekuwa ninyi, mngechagua kipi?

Mkemia_Kisumu
Ndugu, swali lako lina upungufu. Ni kazi ya uzamili au ya shahada ya kwanza? Mna maabara ya kupimia, au kila kitu kitaishia kwenye kompyuta? Na molekyuli za kujaribu utazitoa wapi?

Kwa sasa ninakushauri uchague proteasi, yaani kimeng'enya cha kukata protini, ya virusi vya Ukimwi. Muundo wake unajulikana tangu 1989: minyororo miwili inayofanana, kila mmoja wenye asidi amino 99, na katikati asidi aspatiki mbili za namba 25 zikitazamana. Kati ya dawa za kuizuia, sakwinaviri iliidhinishwa Marekani Desemba 1995, na indinaviri na ritonaviri zikafuata Machi 1996. Pakua faili ya muundo iitwayo 1HSG, ambamo kimeng'enya kimeshikamana na indinaviri, uiondoe dawa hiyo, kisha uiachie programu ya kompyuta, ile inayokadiria jinsi molekyuli inavyokaa ndani ya kimeng'enya, iirudishe. Ikiirudisha kwa tofauti isiyozidi angstromu 2 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), endelea. Isipoweza, usiiamini kwa molekyuli ngeni.

Dada_wa_Kakamega
Kipimo hicho ni kizuri, ila kati ya vifuniko viwili vya kimeng'enya hicho na dawa kuna molekyuli moja ya maji inayoviunganisha. Wengi huyafuta maji yote kwa amri moja kabla ya kuanza, na matokeo huharibika hapo hapo.

Mimi ningechagua ya korona. Muundo wake ulitangazwa mapema 2020, na kufikia Desemba 2021 Marekani ilikuwa imeruhusu nirmatrelviri, dawa inayokizuia kimeng'enya hicho, itumike kwa dharura. Kimeng'enya hiki hukata protini baada ya asidi amino iitwayo glutamini, jambo lisilo la kawaida kwa proteasi za binadamu, kwa hiyo kuna matumaini ya kukizuia bila kugusa vimeng'enya vya mgonjwa mwenyewe.

Mwana_Njoro
Asanteni. Ni kazi ya uzamili. Maabara ya kupima vimeng'enya hatuna, na kompyuta yangu ya kubebeka ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Molekyuli ninakusudia kuzitoa katika mimea ya dawa ya huku kwetu, mwarobaini ukiwemo.

Mwalimu_Maseno
Hapo kwenye mimea, mwanangu, nenda pole pole. Kikundi chetu kilizipanga molekyuli za mimea kwa alama za programu, tukaziagiza zilizoongoza kutoka kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo, na mzigo ukachelewa sana njiani. Ulipofika, molekyuli ya kwanza ilikizuia kimeng'enya barabara, hata rasimu ya makala ikaanza kuandikwa. Kisha mwenzetu mmoja akaongeza kiasi kidogo cha Triton X-100, ile sabuni ya maabara, kwenye mchanganyiko, na uzuiaji wote ukatoweka. Molekyuli ile haikuwa imeingia kwenye tundu tendaji, yaani pale kimeng'enya kinapofanyia kazi yake, hata kidogo. Ilikuwa ikijikusanya kuwa chembechembe majini na kukinasa kimeng'enya kwa nje, na ingekinasa chochote kile. Kwersetini na kurkumini zinajulikana kwa tabia hiyo, nazo hujaa tele kwenye orodha za mimea. Ruzuku iliishia hapo. Alama ya programu haingeweza kutuonya, kwa sababu hesabu yake ni ya molekyuli moja inayokutana na kimeng'enya kimoja.

Bonde_la_Ufa
Mwalimu, kwa heshima zote, tusiwavunje moyo vijana. Dawa za malaria, kwinini na artemisinini, zilitoka wapi kama si kwenye mimea?

Dada_wa_Kakamega
Hizo hazikupatikana kwa kuutazama muundo wa kimeng'enya chochote, Bonde. Zilianzia kwa wagonjwa waliopona, na huo ni ushahidi wa aina nyingine kabisa.

Bonde_la_Ufa
Sawa, tuutazame muundo. Muundo wa nyuraminidasi, kimeng'enya kinachowasaidia virusi wapya wa mafua kutoka kwenye seli, ulitangazwa 1983, na watafiti nchini Australia wakaona kwamba karibu na kundi moja la atomi kwenye molekyuli waliyoanza nayo palikuwa na asidi glutamiki yenye chaji hasi. Wakaliondoa kundi hilo, wakaweka la guanidini lenye chaji chanya, na dawa ya mafua iitwayo zanamiviri ikapatikana. Aidha, badiliko la asidi amino ya 275 ya kimeng'enya hicho, kutoka histidini kuwa tairosini, lilipoidhoofisha oseltamiviri, dawa nyingine ya mafua, katika mafua ya H1N1, zanamiviri iliendelea kufanya kazi, kwa kuwa inafanana zaidi na kile ambacho kimeng'enya hukishika kiasili. Usugu wa virusi ni mada inayomfaa mtu asiye na maabara.

Mkemia_Kisumu
Mbona integrasi, kimeng'enya cha virusi vya Ukimwi kinachopachika jeni za virusi kwenye jeni za seli, haimo kwenye orodha? Wagonjwa wengi hapa Kisumu wanatumia dawa ya dolutegraviri, inayofanya kazi kwa kuzishika ioni mbili za magnesiamu ndani ya integrasi.

Mwana_Njoro
Msimamizi wangu aliikataa kwa sababu ya ioni hizo hizo, akisema programu nyingi za bure huzikadiria vibaya.

Dada_wa_Kakamega
Basi muulize pia kuhusu nirmatrelviri, kwa sababu hufunga kifungo cha kikemia na sisteini, asidi amino ya 145 ya proteasi ya korona, na programu ya kawaida haikihesabu kifungo hicho. Na utuambie ni programu gani unayotumia, maana hadi sasa hujaitaja.