Barua ya maombi ya kazi ya kwanza ya ualimu: asiye na uzoefu aandike nini?

Chaki Mpya aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu katika kazi hii, na habari zenu tulio rika moja.

Nilihitimu Shahada ya Sanaa na Elimu mwaka jana, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Tangu hapo ninajitolea katika shule moja ya sekondari ya kata mkoani Simiyu, ambako napewa nauli na chakula cha mchana, nami nashukuru kwa sababu angalau chaki haijakauka mkononi. Nimekwisha kutuma maombi katika shule binafsi 11, na ni moja tu iliyonijibu, tena kwa kunieleza kwamba nafasi imejaa. Wenzangu wananiambia kwamba bila mkono wa mtu sitapata kitu, lakini kabla sijakubaliana nao ningependa kujua kama barua yenyewe inasomeka. Aya yangu kuu ni hii:

«Mimi ni mhitimu mwenye ari, mchapakazi, mwaminifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa kwa karibu. Nina mapenzi makubwa na kazi ya kufundisha, na ninaamini kwamba nikipewa nafasi nitaleta mabadiliko chanya katika shule yako tukufu.»

Naomba kuelekezwa mambo mawili. Kwanza, mtu asiye na uzoefu wa kuajiriwa aandike nini zaidi ya hayo? Pili, je, barua hii hii inafaa kuwekwa katika Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, nafasi za serikali zitakapotangazwa?

Mzee wa Zamu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Niliongoza shule binafsi ya sekondari mkoani Morogoro kwa miaka tisa kabla ya kustaafu, na kila ilipofika Novemba meza yangu ilijaa barua za maombi, kwa kuwa shule nyingi hutafuta walimu wakati huo ili Januari wanafunzi wafungue wakiwakuta darasani. Aya uliyoiandika nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukuandikia kwa kichwa. Hakuna uongo ndani yake, ila mchapakazi na mvivu wote wawili huandika kwamba ni wachapakazi, kwa hiyo msomaji hana la kushika. Halafu utukufu tuuache. Ile ilikuwa shule ya bweni yenye upungufu wa maji.

Unasema huna uzoefu, na hapo ndipo unapojipunja. Umefanya mazoezi ya kufundisha ukiwa chuoni, tena yakakaguliwa na wahadhiri wako, na sasa unaingia darasani kila siku. Mkuu wa shule anayesoma barua yako anataka kujua ulifundisha mada gani, darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi, ni kitu gani hawakukielewa, na wewe ulifanya nini baada ya kugundua hivyo. Nakumbuka kijana mmoja wa Hisabati aliyeandika kwamba wanafunzi wake wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakikwama kwenye namba hasi, akawachorea daftari la mkopo la duka la jirani: fulani anadaiwa 500, amelipa 300, sasa yuko wapi? Barua yake ilikuwa na aya tatu tu na kosa moja la tahajia, nami nilimpigia simu siku hiyo hiyo, ilhali wapo wenye shahada nzuri kuliko yake ambao barua zao sikuzimaliza.

Kwa hiyo tafuta tukio moja la kweli kutoka darasani kwako uliandike kwa sentensi nne au tano, usizidishe. Kabla ya tukio hilo, aya ya kwanza itaje mapema unaomba kufundisha masomo gani na kidato gani, maana niliwahi kufika mwisho wa barua bila kujua kama mwombaji ni wa Fizikia au wa Jiografia. Wewe hasa usisahau somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililokuja pamoja na mtaala ulioboreshwa. Somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili, na mtu aliyesomea Kiswahili na Historia kwa pamoja ana sababu nzuri ya kusema kwamba analiweza. Sioni hata neno moja juu yake katika aya yako.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewaponza wengi: ukituma barua shule 11, hakikisha jina la shule ya tano halijabaki katika barua ya shule ya sita. Mimi nilizipokea za namna hiyo, na sikuziweka hata kwenye faili.

Daraja la III C alijibu:

Mdogo wangu, mimi niliajiriwa kupitia Ajira Portal, kwa hiyo nitajibu swali la pili, na hapa nitatofautiana kidogo na Mzee wa Zamu. Kule serikalini barua nzuri haikupi kazi, lakini barua mbovu au kiambatisho kisicho sahihi kinaweza kukuondoa hata kabla ya usaili. Waombaji ni wengi mno, na mchujo wa kwanza unaangalia kama umetimiza masharti ya tangazo.

Barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, itaje kada unayoomba kwa jina lile lile lililomo kwenye tangazo, na iwe imesainiwa. Ichapishe, isaini kwa kalamu, kisha iskani. Wapo wanaopandisha faili moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta wakasahau kabisa saini. Ambatisha vyeti vyenyewe vya kidato cha nne, cha sita na cha chuo, pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi. Wasifu wako uwe na wadhamini watatu na namba za simu zinazopatikana.

Kilichonitesa mimi ni jina. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na «Mwanaidi» na cheti cha kidato cha nne kilikuwa na «Mwanahidi», kwa herufi moja tu aliyoiongeza mtu fulani nilipokuwa shule ya msingi, na mimi sikuijali hata siku moja. Niliigundua zikiwa zimesalia siku tatu kabla ya dirisha kufungwa, nikahangaika kwa wakili kupata hati ya kiapo huku mtandao ukisuasua. Leo hii, kabla tangazo halijatoka, panga vyeti vyako vyote mezani pamoja na kitambulisho chako cha taifa (NIDA), usome majina herufi kwa herufi.

Ukivuka hapo, kuna usaili. Walimu nao siku hizi wanafanyiwa usaili na Sekretarieti, na wimbi kubwa la kwanza lilikuwa Januari 2025. Kule ndiko lile tukio la darasani alilolieleza mzee litakapokufaa, kwa hiyo liandae hata kama kwenye barua utaligusa kwa sentensi moja.

Mwalimu wa Taaluma alijibu:

Naongeza kwa ufupi kwa upande wa shule binafsi. Barua yako ikipita, utaitwa kufundisha somo la majaribio mbele ya walimu wenzako, mara nyingi kwa dakika 40 au pungufu, kwa hiyo usitaje katika barua mbinu ambayo huwezi kuionyesha siku hiyo. Unaweza kuambatisha andalio moja la somo ulilolifundisha kweli, lenye sehemu ya tathmini uliyoijaza baada ya kipindi, kwani andalio ambalo tathmini yake imejazwa «somo limeeleweka vizuri» kila siku halimshawishi mtu yeyote. Wadhamini nao waombe ruhusa kwanza. Niliwahi kumpigia mdhamini wa mwombaji mmoja, akaniuliza, «Huyo ni nani?»

Chaki Mpya alijibu:

Nawashukuru sana. Vyeti nimevipanga mezani kama nilivyoagizwa, na majina yanalingana. Aya nimeiandika upya hivi:

«Ninaomba kufundisha Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili, Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Kwa sasa ninajitolea kufundisha Kiswahili Kidato cha Pili chenye wanafunzi 84, ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma na huchanganya sauti za r na l. Mwanafunzi mmoja aliandika katika insha kwamba baba yake alipokea mahali ya ng'ombe kumi. Darasa lilipocheka, niliandika ubaoni mahari na mahali, kura na kula, karamu na kalamu, nikawataka watunge sentensi kwa kila jozi na kuzisoma kwa sauti wakiwa wawili wawili. Kwa kuwa siwezi kusahihisha madaftari 84 kwa siku moja, ninasahihisha safu moja ya madawati kila siku na kurekodi makosa yanayojirudia. Baada ya wiki sita, makosa ya r na l katika insha zao yamepungua, ingawa katika mazungumzo bado yapo. Ninaamini kwamba nitaleta mabadiliko chanya katika shule yako.»

Mzee wa Zamu alijibu:

Sasa nimekuona darasani, mwanangu. Futa sentensi ya mwisho, imerudi kwa mazoea tu. Hiyo ya «bado yapo» usiiguse hata kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niziamini zile zilizotangulia. Mahali pa sentensi uliyoifuta andika tarehe unayoweza kuanza kazi na kama uko tayari kukaa bwenini na wanafunzi, maana shule za bweni zitakuuliza hilo kwanza. Halafu ile shule iliyokujibu kwamba nafasi imejaa, iandikie tena mwishoni mwa Novemba. Walimu huhama likizo ya Desemba, na mkuu aliyejipa taabu ya kukujibu huenda bado ana barua yako.